Vilivyopangwa Ufukweni

Shangazi yetu Enesi hajawahi kujua kukaa bure. Ukimkuta leo kibarazani kwake Isansa, huko Mbozi, ujue mikono yake ina kazi: anasuka kikapu, anachonga kijiko, au anashona vipande vya kitambaa ambavyo mtu mwingine angevitupa jalalani. Lakini mpelekee kitu ulichookota njiani, hata kiwe kizuri namna gani, hatakigusa. Kwanza atakuuliza kilikuwa kimelalaje. Ukisema hukuangalia, atakwambia ukirudishe, na hatakukaribisha ndani mpaka urudi mikono mitupu.

Hayo yalianzia Ivuna.

Mwaka 1998 mumewe Damiano, mwalimu wa shule ya msingi, alihamishiwa huko bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Watu wa Mbozi waliozoea baridi na mashamba ya kahawa huuona uhamisho wa namna hiyo kama adhabu. Kule kuna joto, kuna mbu, na vumbi lake lina chumvi. Walimu wenzake walimpa pole, mama mkwe akalia. Enesi peke yake ndiye aliyefunga mizigo akiimba, na juma la kwanza tu alikwisha kujua kwa nini. Alikuwa ameukuta ufukwe.

Mvua za elinino zilikuwa zimelijaza ziwa mpaka likameza mashamba na vibanda. Sasa kilikuwa kiangazi, maji yalikuwa yanarudi nyuma kidogo kidogo, na kila yaliporudi yaliacha kitu. Asubuhi, Damiano akishaondoka kwenda shule, Enesi alimshika mkono binti yao Rozi, mtoto wa miaka mitano, wakateremka pamoja. Waliokota makome, mbao zilizolainishwa na maji, manyoya ya mwari, mizizi yenye sura za wanyama. Nyumbani vitu hivyo vikawa pazia la mlango, vikawa vinyago, vikawa vikapu vyenye nakshi. Hakuuza hata kimoja. Alikuwa anajifurahisha, na aliona ana haki hiyo.

Alipenda ndege pia. Damiano alikuwa amemnunulia darubini kuukuu pale Tunduma, kwa Mzambia mmoja, upande mmoja una ufa. Enesi alikaa juu ya gogo, akahesabu, akaandika kwenye daftari la shule. Heroe wengi. Mwari thelathini na mmoja. Yangeyange kumi na wawili. Korongo sita, mbali, wamesimama mguu mmoja.

Majirani walimtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke mgeni anayeokota mifupa na manyoya, kisha anakaa peke yake anaandika, unataka wafikirie nini? Kuna waliowavuta watoto wao ndani alipopita. Enesi aliona, akacheka. Angecheka kidogo tu kama angejua kwamba si muda mrefu na yeye atamtazama mtu kwa jicho lile lile.

Kitu cha kwanza kilikuwa kibuyu kidogo cha ugoro. Alikikuta kwenye tope lililokauka, kimesimama wima, kisafi, kizibo chake mahali pake. Enesi alifurahi sana. Kesho yake, hatua tatu kuelekea majini, akakuta kitana cha mti. Siku iliyofuata, hatua tatu tena, njuga ya mbuzi. Kisha kijiko cha bati. Kisha soli ya katambuga, kiatu kile cha tairi, mguu wa kulia. Kila siku kimoja, na vyote kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Mtu mwingine angeshtuka. Enesi alidhani ana bahati.

Pembeni ya kile cha tano, hata hivyo, aliona nyayo za mwanamke. Hapo ndipo moyo wake ulipoanza kunong'ona.

Nyumba ya mwisho kabla ya ufukwe ilikuwa ya Kashinje, mama mmoja wa Kisukuma mwenye ng'ombe wachache, mpole, asiye na mtoto. Mumewe Ngusa alikuwa amechukuliwa na mafuriko mwaka uliotangulia na mwili wake haukuonekana. Ni hayo tu Enesi aliyokuwa ameambiwa, na kwa sauti ya chini. Sasa akaanza kumchunguza kwa darubini. Akamwona alfajiri akitembea ufukweni, anainama, anagusa kitu, anakisukuma kwa mguu, midomo inacheza. Kisha anasimama kimya akitazama maji muda mrefu.

Siku ya sita walikutana uso kwa uso. Enesi alikuwa ameinama kuchukua kipande cha pembe ya ng'ombe, kimesuguliwa vizuri, kina tundu katikati.

"Mwangaluka, Mama Rozi," Kashinje alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada."

"Hivyo viache. Vina wenyewe."

"Wenyewe wako wapi, dada? Mbona kila siku navikuta tu?"

Kashinje hakumtazama. Aliitazama ile pembe mkononi mwa Enesi, halafu akatazama ziwa. "Wanangoja," alisema, akaenda zake.

Enesi alirudi nyumbani na pembe yake, hasira imemjaa. Alijiambia kwamba yule mama ana wivu, au ana lake jambo, na hilo la pili ndilo lililokaa. Hata hivyo alichukua kisu na msumari wa moto akafanya kazi yake. Alikata kipande katika kila kitu kati ya vile sita, akatoboa, akavitunga kwenye uzi wa katani pamoja na makome madogo. Ukawa mkufu mzuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Akamvisha Rozi shingoni, na mtoto akakimbia kumwonyesha baba yake. Damiano alisema umependeza.

Siku mbili baadaye Rozi akaacha kucheza.

Alisimama uani tangu asubuhi, uso umeelekea ziwani, mguu mmoja ameukunja. Mama yake alidhani anaiga korongo. Akamwita. Mtoto hakugeuka. Akamfuata, akamwinamia, akambusu kwenye paji la uso, na midomo yake ikakolea chumvi. Alimtazama vizuri. Nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya viwiko, kulikuwa na weupe uliokauka.

"Unafanya nini hapa juani, mwanangu?"

"Nangoja," Rozi alisema.

Kesho yake Damiano alimpeleka zahanati. Tabibu alimpima malaria, hakuna. Alimpima joto, mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi. Akawapa dawa ya kuharisha, ile ya kukoroga na maji, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwapa. Rozi alikunywa, akaomba maji. Akanywa kopo zima, akaomba jingine. Walipojaribu kumvua mkufu ili alale vizuri alipiga kelele hadi majirani wakasogea, basi wakauacha.

Kesho yake asubuhi, Enesi alikaa kwenye gogo lake bila hamu. Alitaka tu kitu cha kushika. Akainua darubini, akaanza kuhesabu kama alivyozoea. Korongo sita. Bado wapo. Akafungua daftari kuandika, akasoma ya nyuma.

Korongo sita, mbali. Korongo sita, hawajasogea. Korongo sita, hawajasogea. Ameandika hivyo siku tisa mfululizo. Halafu juzi, siku ile Rozi alipoacha kucheza: korongo sita, karibu kidogo. Jana: karibu zaidi.

Ndege gani husimama siku tisa bila kula?

Akainua tena darubini, safari hii akatumia upande usio na ufa. Walikuwa wamesimama kwenye mstari mmoja, wembamba, wa kijivu, vichwa vimeinamishwa. Mguu mmoja chini, mmoja umekunjwa. Na Enesi, aliyekuwa amewatazama ndege maisha yake yote, aliona kitu ambacho wewe na mimi pengine tusingekiona. Mguu wa korongo ukikunjwa, goti hutokeza nyuma. Haya yalitokeza mbele, kama ya mtu.

Alishusha darubini taratibu. Alirudi nyumbani, akamkuta Rozi palepale uani, akamwomba Damiano asiende shule, amwangalie mtoto. Kisha akafunga kitenge vizuri na kutoka kwenda kumshtaki Kashinje.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Lusubilo, alikuwa kwenye chemchemi ya chumvi. Kina mama walikuwa wanachuja udongo wa chumvi na kuchemsha, moshi umetanda. Enesi alimvuta kando akamweleza yote kwa kunong'ona: nyayo, midomo inayocheza, vitu vinavyopangwa, mtoto wake anayekauka chumvi. Alisema neno lenyewe bila kulizunguka. Alisema Kashinje ni mchawi na amemtega mwanawe.

Mzee Lusubilo alimsikiliza mpaka mwisho. "Kaa kwanza, Mama Rozi," alisema.

Enesi akatafuta pa kukaa. Chini pale palikuwa na vitu vimewekwa, sufuria iliyotoboka, ndala moja, kopo, jiwe lililofungwa kitambaa. Akavisogeza kwa mguu apate nafasi.

Kina mama wote waliacha kazi.

"Usiviguse," mzee alisema kwa sauti ndogo, akainama kuvirudisha kimoja kimoja. "Hiyo ni foleni, mama. Chemchemi ni moja, watu ni wengi. Mtu anaweka kitu chake hapa, anakwenda zake kutafuta kuni. Hicho kitu ndicho yeye. Ukikiokota, umechukua zamu yake. Wewe ndiye utakayesimama, na yeye yuko huru, anakwenda nyumbani."

Enesi alivitazama. Vilikuwa wima. Vilikuwa kwenye mstari ulionyooka, hatua tatu baina ya kimoja na kingine.

"Yale mafuriko," alisema. "Yalichukua watu wangapi hapa?"

"Sita. Walikuwa wanangoja zamu zao, mvua ziliwahi. Maji yalishuka kutoka milimani saa nne asubuhi, jua linawaka, yakawazoa na vitu vyao mpaka ziwani. Ngusa alikuwa amefuata chumvi ya ng'ombe wake. Aliweka kipande cha pembe."

Enesi hakuaga. Alikimbia.

Alikuwa amechukua zamu sita. Angekuwa amebaki nazo mwenyewe, angalau angelipa mwenyewe. Lakini alizitoboa, akazitunga kwenye uzi mmoja, akazifunga kwenye shingo ya mwanawe. Alilia akikimbia, na kila hatua alijilaani.

Damiano alikuwa uani, amesimama kama aliyeamshwa usingizini. Alisema alikuwa amemshika mkono mtoto. Alisema hajui aliuachia saa ngapi. Kiganja chake kilikuwa cheupe kwa chumvi.

Jua lilikuwa utosini. Ufukwe ulikuwa mtupu, mweupe, unaumiza macho. Hakukuwa na mwari, hakukuwa na heroe. Hakukuwa na sauti ya ndege hata mmoja.

Rozi alikuwa majini. Maji yalimfika kiunoni. Alisimama mguu mmoja, mgongo ameupa nchi kavu, na nyuma yake walisimama wale sita, mmoja nyuma ya mwingine, wote wametazama kilindini. Mtoto alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Enesi aliingia majini. Miguu ilizama kwenye tope. Ndipo alipoona kwamba kuna mtu mwingine aliyemtangulia, anatembea polepole kando ya mstari bila kuutazama. Alikuwa Kashinje. Amevaa kitenge kipya na kilemba, kama mtu anayekwenda harusini.

"Simama hapo hapo, Mama Rozi," alisema bila kugeuka. Alinong'ona, lakini juu ya maji yale yaliyotulia ilisikika vizuri. "Ukiushika mkufu wewe, mtakwenda wote wawili. Mtoto hatakuachia."

"Dada, nisamehe. Sikujua."

"Nilikuwa navipangua kila siku. Kila siku vinajipanga."

Alimfikia Rozi. Alimshika kidevu, akamwambia neno la Kisukuma, na mtoto ambaye alikuwa amepiga kelele kwa baba yake akainamisha shingo kwa utulivu. Kashinje akauvua mkufu. Akauvaa.

"Njoo umchukue. Usigeuke nyuma. Na wewe na tabia yako, usihesabu."

Enesi alimbeba mwanawe begani, akageuka, akaanza kurudi. Hakutazama. Nyuma yake alisikia maji yakitikisika kidogo, upande wa kilindini. Mara moja tu.

Kisha akasikia miguu.

Miguu mingi. Inajikokota majini. Haikwenda kilindini. Ilikuwa inakuja upande wao.

Alitembea. Alifumba macho akatembea. Rozi, uso wake ukiwa nyuma ya bega la mama yake, alikuwa anatazama kule ambako Enesi hakuthubutu. Na mtoto huyu alikuwa amefundishwa kuhesabu ufukweni.

"Mmoja," Rozi alisema sikioni mwake. "Wawili. Watatu."

"Nyamaza, mwanangu."

"Wanne. Watano. Sita." Akajiinua begani. "Mama, yule bibi mwenye kilemba simwoni."

Mchana ule ule mzee Lusubilo alikuja na wanaume wachache, fimbo mkononi. Hawakumpata Kashinje, wala kitenge chake. Walichokipata ni nyayo, na ninyi mnaocheka mnaweza kwenda Ivuna mkawaulize, maana waliokuwepo hawajafa wote. Watu sita walikuwa wametoka ziwani. Mmoja alikuwa amevaa kiatu cha tairi mguu wa kushoto, wa kulia mtupu. Hapakuwa na unyayo hata mmoja wa watu hao uliokwenda majini. Watano walipanda kuelekea barabarani na kupotea kwenye udongo mgumu. Wa sita alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Kashinje.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Walipiga hodi, wakaita, wakangoja. Mwishowe waliuvunja. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, beseni la maji ya kuoga lilikuwa katikati ya sakafu, na sakafu ililowa. Mezani palikuwa na ugali wa mtu mmoja, umeliwa nusu, bado una uvuguvugu. Mtu hakuwepo. Dirisha lilikuwa dogo kiasi kwamba hata paka angeminywa.

Mzee Lusubilo alitoka nje akaketi chini. Alimwambia Damiano kwamba juzi Kashinje alimpelekea ng'ombe wake wote, akasema awaangalie, kwa sababu mwenyewe atarudi kuwachukua. Yeye alidhani huyo mwenyewe ni Kashinje.

Juzi ilikuwa kabla Enesi hajamshtaki. Hilo lilimkaa Enesi kooni na halijatoka mpaka leo. Kuna siku husema yule mama alikuwa malaika. Kuna siku, akiwa amechoka, hujiuliza ni nani hasa aliyekuwa akivipanga vile vitu, kimoja kila siku, vizuri vizuri, mbele ya macho ya mwanamke anayejulikana kwamba haachi kitu chini. Halafu huona aibu, kwa maana Rozi yupo, ana watoto wake wawili sasa, na hana alama yoyote mwilini.

Walihama juma lile lile bila kungoja kibali. Asubuhi ya safari, gari likiwa linapakiwa, mzee Lusubilo alikuja kumwita Enesi. Alimwomba waende pamoja ufukweni kidogo, hakusema kwa nini. Walisimama mbali, kwenye majani.

Pale mwanzo wa mstari, mahali pa kile kibuyu, kwenye tope lililokauka, palikuwa na shati jeupe la kiume. Lilikuwa kavu, limekunjwa mara nne kwa uangalifu, na jiwe limewekwa juu lisipeperushwe na upepo. Mzee alisema ni la Ngusa, lile la harusi, ambalo Kashinje alilifungia sandukuni tangu msiba.

Hakuna aliyelisogelea, maana ilikuwa zamu ya mtu. Nyayo za mwanamume mmoja zilitoka upande wa nyumba ya Kashinje, zikafika penye shati, zikasimama. Hapo hapo ziliishia.